Mtani Aliyekamata Simu Yangu Msibani

Wewe ulikuwepo. Usikimbilie ukurasa wa mpira.

Ulikuwepo pale Itetemia, sahani ya pilau mkononi, ukamwona Adinani akininyang'anya simu hatua chache kutoka kwenye jeneza la baba yangu mdogo. Ulicheka mpaka wali ukakupalia. Leo ukiulizwa unasema ulikuwa umeinama unatafuta kiatu.

Na wewe ambaye hukufika Itetemia, usijipigie makofi. Kuna msiba wako mwingine uliocheka hivyo hivyo, ukafumba macho hivyo hivyo.

Kwa aliyeingia leo kwenye safu hii: naitwa Kabula Ngollo, wa hapa Chemchem. Natengeneza tovuti, zile kurasa unazofungua kwenye simu ukitafuta duka, shule au nyumba ya wageni. Hakuna chuo kilichonipa cheti. Shule nilifukuzwa kidato cha pili kwa kuuliza mahindi ya wanafunzi yanakwenda wapi, na aliyenifukuza namkumbuka mpaka jino lake la pembeni. Nilijifunza mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikisoma neno moja moja kwa sauti kama mtoto wa katekesi.

Tabia hiyo haijaniacha. Mpaka leo naandika huku natamka. Shika hilo, litarudi.

Nimeshakusimulia mteja wangu wa kwanza, yule mwenye nyumba ya wageni aliyetaka niweke picha za hoteli ya mji mwingine. Nimekusimulia wa pili, aliyesema mashine ikiguswa na mwanamke hugoma. Wote wawili mliwaonea huruma wao, si mimi.

Kisha wakaja akina mama wa Inzuki.

Inzuki ni nyuki kwa lugha ya wazee wao, waliofika Ulyankulu wakikimbia mauaji Burundi. Wanafuga nyuki kwenye miombo. Mwenyekiti wao ni Vestina Inamahoro, mama mwenye sauti ndogo na macho yasiyopepesa. Alikaa kwenye benchi langu akaniambia:

"Mwanangu, tumeitwa wakimbizi. Tumeitwa watu wa kambi. Tumepewa uraia, bado tukienda sokoni tunaitwa wageni. Jina hili la Inzuki tumejipa wenyewe. Liweke mahali ambapo mtu wa Dar akitafuta asali atakutana nalo."

Nikaliweka. Nikampiga picha Spesioza, mrinaji wao hodari, mwanamke anayecheka kwa upande mmoja wa mdomo. Picha hiyo ikawa mlango wa tovuti. Simu zikaanza kuita. Mnunuzi mkubwa kutoka Dar akaahidi kuja kwenye maonesho ya hapa Tabora kuwekeana nao mkataba.

Hapo ndipo baba mdogo Raymundi akafa, na watani wakaingia.

Utani wetu unaujua. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe kutoka hapa hadi pwani, Wazaramo wakawapokea, wakagombana, wakapatana, wakaachiana maneno. Mpaka leo Mzaramo akifika kwenye msiba wa Mnyamwezi ana ruhusa ya kuwa kichaa. Atavaa nguo za marehemu. Atakamata kitu chako mbele za watu, na hutakipata mpaka ukikomboe. Na ole wako unune.

Adinani ni Mzaramo wa hapa hapa, ukoo wao umetuzika vizazi na vizazi. Tena alikuwa mwanafunzi wangu. Kila asubuhi alikuja kwenye meza yangu, nikampa kiti, nikamfundisha jina la tovuti linavyosajiliwa na linavyohamishwa. Kiti changu mwenyewe.

Siku ya mazishi alitokea na koti la marehemu, kofia ya marehemu, na kikohozi cha marehemu.

"Jamani, Ngollo kafa na funguo za stoo mfukoni!" alipaza sauti. "Huyu mzee alikuwa anapima chumvi kwa kijiko cha dawa!"

Mkaanguka kwa kicheko. Kisha akanigeukia.

"Na wewe mke wangu, unalia huku umeshika simu? Lete hapa. Naikamata mpaka nione jogoo."

"Adinani, simu hiyo ina kazi za watu."

"Sikieni! Mpagazi anakataa kutua mzigo!"

Mkapiga vigelegele. Akaisogeza simu mpaka chini ya kidevu changu.

"Ifungue basi, nimwone marehemu, mume mwenzangu, kwenye picha. Nataka nijue kama aliwahi kutabasamu hata siku moja."

Nikaweka kidole changu, ikafunguka. Ndiyo, kidole changu mwenyewe, mbele yenu. Ungefanya nini wewe? Mnyamwezi anayemnunia mtani msibani hatapata wa kumzika.

Alipotelea upande wa jikoni. Jogoo alipopatikana, simu ikarudi inanuka vitunguu. Hapo ndipo niliponyamaza wiki iliyopita, na mkapiga simu gazetini kusema hadithi hii inachekesha.

Chekeni na hii.

Matanga yalipokwisha nilirudi kazini. Chumba changu tunagawana na Imakulata, fundi cherehani. Mimi upande wa dirisha, yeye upande wa mlango, futi yake ya njano haimtoki shingoni hata akienda kununua vitumbua. Ndiye aliyeshona magauni yetu ya msiba. Siku hiyo alikuwa ananipikia chai, ananiambia, "Pole dada, yamepita."

Mlangoni wakasimama Vestina na Spesioza.

"Shikamoo mama," nikamwamkia Vestina.

Hakuitikia. Mama yule, ambaye huitikia hata shikamoo ya mlevi, aliiacha yangu ikining'inia.

Spesioza akatoa chupa kwenye kikapu, akaiweka juu ya kompyuta yangu.

"Onja."

Chupa ilikuwa na karatasi ya Inzuki. Juu yake picha niliyoipiga mimi, Spesioza akicheka kwa upande mmoja. Nikafungua, nikachovya kidole, nikalamba.

Sukari. Sukari guru iliyochemshwa na ndimu, na chini yake ladha ya sufuria iliyoungua. Nikakimbilia mlangoni nikatema.

"Umetema," alisema Spesioza. "Wewe una mlango wa kutemea. Kuna mama wa Urambo amempaka mumewe hiyo kwenye kidonda cha moto. Amesikia asali ya Inzuki inaponya, na ni kweli, yetu inaponya. Sasa sisimizi wanalala na mumewe kitanda kimoja. Amenifuata mpaka kanisani. Ananionyesha uso wangu kwenye chupa, anauliza, 'Huyu si wewe?'"

"Aliinunua kwa nani?"

"Kwenye tovuti yetu. Ile uliyotutengenezea. Namba ya simu iliyopo siyo yetu."

Nikafungua. Ilikuwa ile ile, rangi zangu, picha zangu, maneno ya Vestina niliyoyanyoosha mwenyewe. Namba tu ndiyo ilikuwa ngeni. Nikajaribu kuingia nyuma, mahali pa mwenye nyumba, nibadilishe. Ikanikatalia. Nikatazama jina limesajiliwa kwa nani sasa.

Adinani.

Na chini kabisa ya ukurasa, yule fedhuli alikuwa ameacha mstari wangu bila kuugusa: Imetengenezwa na Kabula Ngollo, Chemchem, Tabora.

Vestina aliinama akausoma polepole.

"Jina letu limeondoka," alisema. "Lako limebaki. Sisi tuelewe nini?"

"Mama, sikuuza mimi."

"Sijasema umeuza. Nimeuliza tuelewe nini."

Imakulata akadakia kutoka kwenye cherehani, "Mama Vestina, dada Kabula hawezi jambo kama hilo. Mimi nakaa naye kutwa." Nikamshukuru. Wallahi nilimshukuru.

Nikawaeleza wale mama, nami nakueleza wewe. Jina la tovuti ni kama kiwanja. Kulihamisha kwenda kwa mtu mwingine kunahitaji vitu viwili: neno la siri, ambalo liko kichwani kwa mwenye mali, na namba ya uthibitisho, ambayo hutumwa kwenye simu yake na kufa baada ya muda mfupi. Namba nilijua Adinani aliipata wapi. Aliisoma jikoni msibani kwenye simu yangu, akafuta ujumbe, akanirudishia.

Lakini neno la siri? Sijawahi kumpa. Sijawahi kuliandika popote.

"Mnunuzi anakuja Jumamosi," alisema Vestina. "Ameahidi kuweka saini na mwenye jina. Mwenye jina ni nani, Kabula?"

Nikachukua mkoba, nikaenda kutafuta jibu kwa Adinani, Ipuli.

Adinani alikuwa amepanga ua. Nililifikia kwa pua kabla ya macho. Sufuria kubwa ilikuwa inachemka, nzi wamejaa ukingoni, wengine wameshaingia ndani na wanazungushwa pamoja na sukari. Alikuwa anakoroga kwa mpini wa fagio.

"Mke wangu!" alinipokea mikono wazi. "Umeniletea jogoo mwingine?"

"Rudisha jina la watu."

"Jina gani? Lile nililikamata msibani."

"Ulikamata simu. Nikaikomboa kwa jogoo, ukamla."

"Ehee! Na simu si nilikurudishia? Ulidai simu, nikakupa simu. Jina hukulidai. Mtani harudishi asichodaiwa, we Mnyamwezi, hata mila zenu nikufundishe mimi?"

Alisema hivyo kwa sauti, majirani wakachungulia ukutani wakaanza kucheka. Nilikitambua kicheko hicho. Ni chako.

"Kuna mtu amepakwa uchafu huu kwenye kidonda," nikamwambia.

Hapo alishusha sauti, akanisogelea, mpini unadondosha.

"Dada Kabula, sikiliza. Wale si watu wa hapa. Watalalamika, watachoka, watarudi kwenye mizinga yao. Wewe na mimi tuna miaka mingi ya kuzikana. Jumamosi mnunuzi akiniwekea saini, njoo unifanyie kazi. Meza utapata, kiti nitakupa."

Kiti atanipa!

Nilimtemea mate miguuni. Akageukia ukutani akapaza sauti, "Jamani, mke wangu leo ananipenda kupita kiasi!" Wakacheka tena. Niliondoka na harufu ile kwenye nywele, na nikaoga nayo ikabaki.

Nilikwenda ofisini. Ofisi gani, nakuachia, gazeti hili linataka kuendelea kuchapwa. Yule bwana alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti. Alinisikiliza mpaka nilipotaja Adinani.

"Adinani yupi? Yule Mzaramo mchekeshaji?"

"Huyo."

"Si mtani wako?"

"Ni mwizi."

"Aa, mama. Mambo ya utani serikali haiyaingilii. Kamalizaneni kiutani." Akachomoa kijiti, akakitazama kilichonasa, akakirudisha mdomoni. "Halafu hao wanaolalamika ni wale wa kambi, au?"

"Ni raia."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini ni wale."

Huyo naye nitamkumbuka. Mimi nakumbuka hata dalali aliyewauzia wakulima wa tumbaku mbolea iliyochanganywa na mchanga wa mto, na nakumbuka nani alisimama mkutanoni akasema tusichafue jina la mkoa. Alikaa mstari wa mbele, kofia magotini. Wewe ulikaa nyuma yake.

Nikaenda kwa kaka yangu Luhende, mkubwa wa ukoo sasa. Simu yake mwenyewe ilirekodi mazishi mwanzo mpaka mwisho, nilimwona akiinua mkono juu.

"Kaka, nipe picha zako za jikoni."

"Za nini?"

"Wasajili wa majina ya tovuti nimewalalamikia, wanataka ushahidi kwamba saa ile simu haikuwa mikononi mwangu. Wakiona, watazuia jina lisitumike."

Luhende akasugua goti.

"Kabula, mtani hashtakiwi."

"Nani kasema?"

"Baba kasema, na baba yake kasema. Umshtaki mtani kwa kitu alichokamata msibani? Siku nikifa mimi nani ataruka kaburini? Nani atavaa koti langu? Utanizika kimya kimya kama paka?"

"Kwa hiyo akina Vestina wapoteze jina ili wewe upate wa kukuchekesha ukiwa umekufa?"

"Wale hawana watani hapa," alisema. "Hawaelewi."

Akatoa simu, akaniangalia usoni, akafuta. Mbele yangu. Kidole chake kilitembea taratibu kama cha mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilitoka pale nimekwisha. Nikawa nakatisha sokoni, nikasikia sauti kutoka kwenye bucha ya mbuzi ikinisalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mabega chakavu!"

Alikuwa Majidi, ami yake Adinani, Mzaramo mzee mwenye kisu kirefu kuliko subira yake. Sikuwa na hamu, ila mtani haachwi bila jibu.

"Salama, tumbo la tui."

"Mbona uso umekunjamana? Au umekumbuka mzigo mliouacha njiani?"

"Mzigo ninao. Ni mtoto wa kaka yako."

Nikamwambia yote, papo hapo, wateja wanasikia. Kadiri nilivyosema kisu kilizidi kupungua mwendo. Mwishowe akakichomeka kwenye gogo.

"Alikamata nini?"

"Jina. Jina la kikundi cha akina mama."

"Watu walimwona akilikamata?"

"Hapana. Waliona simu."

"Basi huyo hakutania," alisema Majidi. "Mimi nikikamata mbuzi wako msibani, Itetemia nzima inamwona mbuzi. Nakamata mbele za watu, narudisha mbele za watu. Anayekamata kitu watu hawakioni ni mwizi aliyevaa koti la maiti. Tena amekamata cha watu ambao si watani wake! Wale mama wametutukana lini sisi?"

"Njoo useme hivyo Jumamosi, mbele ya mnunuzi."

"Nitasema, na nitamvua koti. Lakini mimi sikuona kitu, mwanangu. Wakati huo nilikuwa ndani ya kaburi nimelala chali, nagoma kutoka mpaka mniletee soda. Unataka nishuhudie nini, udongo? Niletee macho ya mtu, nami nitakuja na mdomo."

Halafu akanifungia maini kwenye gazeti, akasema, "Chukua, ukale, Mnyamwezi mwenye njaa hupindisha maneno."

Nikala yale maini, na nikalia nikiyala.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe.

Jana mchana simu yangu ilitetema. Namba nisiyoijua. Picha ya kutembea, fupi, ukimeza mate mara mbili imekwisha. Chini yake maneno haya: Usinitaje.

Ni jikoni kwetu Itetemia. Akina mama wanaimba, wanapakua. Nyuma ya sufuria za pilau yupo Adinani, koti la baba mdogo mgongoni, simu yangu mkononi. Hachekeshi mtu. Uso wake umekaza kama wa mtu anayetoa mwiba.

Pembeni yake kuna mwanamke. Amevaa gauni letu la msiba. Ananong'ona, kidole chake kinaelekeza kwenye kioo cha simu, herufi moja baada ya nyingine, hivi, hivi, hivi. Anamtajia neno.

Aliyerekodi hakumlenga yeye, alilenga pilau. Picha imekatwa shingoni. Kichwa hakimo. Mabegani pamening'inia kitu cha njano.

Nilikitazama kitu hicho mpaka macho yakawasha. Kisha nikainua kichwa.

Imakulata alikuwa pale mlangoni anapindia suruali ya mtu. Mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu siku zote hizo, nami nikiandika huku natamka, neno kwa neno, herufi kwa herufi.

"Imakulata," nikasema, "kuna mtu amenitumia picha ya msibani."

Cherehani haikusimama. "Ya nani, dada?"

"Ya jikoni. Adinani ana simu yangu, na kuna mwanamke amesimama naye."

Cherehani ikasimama.

"Mafundi wenye futi Tabora hii ni wengi, dada Kabula."

Sikuwa nimetaja futi.

Tulitazamana. Alijua alichokisema. Akaivua ile futi shingoni, akaikunja vizuri, akaitia kwenye droo. Alipoinua macho, yule Imakulata wa chai na pole hakuwepo.

"Uso wangu unaonekana?" aliuliza.

Nikaitazama tena simu.

"Hauonekani. Basi nyamaza. Unasema kwa sauti kutwa nzima, neno lako linajulikana mpaka na mteja wa suruali. Mimi nimeshona magauni yenu ya msiba, mkala, mkacheka, hakuna aliyesema Imakulata kaa nawe ule. Adinani alinivutia kiti."

"Na Spesioza? Na yule wa Urambo mwenye kidonda?"

"Si ndugu zangu," alisema. "Wala zako."

Akaondoka na cherehani kichwani, mgongo umenyooka. Leo asubuhi nimepita Ipuli. Ile cherehani iko uani kwa Adinani, na Imakulata ameketi anashona vifuniko vya vitambaa vya chupa, maua mekundu, vizuri sana, kwa ajili ya meza ya maonesho. Kila kifuniko kinakaa juu ya uso wa Spesioza kama kilemba.

Vestina na Spesioza hawajarudi Ulyankulu. Wamelala kwangu. Asubuhi hii Vestina aliitikia shikamoo yangu, basi, hakuongeza neno. Ameketi benchini anasubiri kuona mimi ni nani.

Kwa hiyo sasa nasema na wewe. Si wewe wote. Wewe mmoja, uliyenitumia kipande kile.

Ulikata. Mtu harekodi pilau akaishia katikati ya kijiko. Simu yako iliendelea, mkono wako ukapanda juu, na kichwa cha yule mwanamke kiko kwenye kipande ulichobaki nacho. Unakijua. Umekitazama zaidi ya mara moja, ndiyo maana uliandika usinitaje.

Sikutaji. Lakini Majidi amesema atakuja na mdomo, na mdomo bila macho ni kelele. Wasajili wa majina wanataka kuona, si kusikia. Gazeti hili liko mkononi mwako Jumatano. Jumamosi mnunuzi atamshika mkono mwenye jina, na baada ya hapo Inzuki itakuwa sukari na nzi, na wale mama watarudi kuwa watu wa kambi.

Usiniambie mtani hashtakiwi. Usiniambie utafikiri. Usimsubiri jirani yako, naye anakusubiri wewe.

Weka gazeti chini. Fungua simu. Shuka chini kwenye picha za mazishi ya Raymundi Ngollo, pita jeneza, pita jogoo, fika jikoni.

Tuma. Namba yangu unayo. Tuma sasa hivi, kabla chai yako haijapoa.